Tapi Iliyotoka Walikale

Siku ya kwanza, 4 oktobre 1954

Komisyo itakuja. Evode ameleta habari mbele ya kuvua viatu. Siku ya posho, jumamosi tarehe sita novembre, saa ine ya asubuhi. Wazungu watatu na karani mumoja wa kuandika. Watatazama kama tunakaa kama watu: kama tunalala mu mashuka, kama uma ziko sita, kama choo iko na kifuniko. Wakiridhika, bwana yangu atapata ile carte ya muntu aliyestaarabika, na ataitwa "Monsieur" mpaka ku posta.

Uma ziko sita. Moja imepinda. Nitaipa mugeni asiyekula sana.

Sebarenzi, karani mwenzake hapa plantation, alipata yake mwaka jana. Leo alipita na tai shingoni. Akagonga fimbo mu koridori yetu — ko! ko! ko! — akasema: "Kaka Evode, nyumba ni nzuri, lakini inalia kama debe. Mimi kwangu niliweka linoléum juu ya simenti." Evode akacheka kwa meno tu. Nikajua kitu kitafuata. Kisha kula akatangaza: linoléum hataki. Anataka zulia — tapi, anavyosema yeye. Ya sufu. Ya kusukwa kwa mukono, ya Perse, ndefu na nyembamba, toka mulango wa mbele mpaka mulango wa nyuma.

Nikamuuliza Perse iko wapi. "Mbali," akajibu, kama muntu aliyerudi huko jana.

Tukapima koridori. Kwa hatua zangu ni tisa, kwa zake saba. Aliandika zake.

Siku ya tatu, 6 oktobre

Hii nyumba ilikuwa ya comptable, muzungu wa hesabu. Plantation ilitupatia kisha Pasaka. Matofali, mabati, na ile koridori ya simenti katikati kama utumbo. Mama mukwe, Mukankusi, alikataa kulala humu tangu siku ya kwanza. Alijengewa nyumba yake ya majani nyuma ya jiko. "Kwenu," alisema, "muntu anatembea mumoja, nyayo zinakuwa mbili."

Ni kweli. Ukitembea, nyingine inakufuata, nusu hatua nyuma. Ukisimama, inamaliza yake, njo inasimama na yenyewe. Evode anasema ni écho, sauti inayorudi, iko mu kitabu. Sawa. Lakini namuona asubuhi akienda kunawa. Anafika katikati, anasimama. Anangoja. Hageuki. Mimi sijaona muntu mwingine anayeipisha écho.

Anasema tapi ni kwa ajili ya Komisyo. 

Niandike mara moja, nisirudie tena. Mudogo wake, Théogène, alienda ku mugodi wa Walikale mu 1947. Evode mwenyewe njo alimuandika ku liste. Muandikishaji wa mugodi alitaka majina makumi mawili, Evode alikuwa nayo kumi na tisa. Mu 1949 karatasi ikafika. Udongo ulianguka. Watu sita hawakutolewa. Jina la Théogène ni la ine. Siku zile mama yao alikuwa amelala ku Kirotshe, mu hospitali, kwa ugonjwa wa mapafu. Dokta alisema asishitushwe. Evode akangoja apone. Akapona. Akangoja anenepe kidogo. Akanenepa. Sasa ni miaka mitano.

Karatasi iko mu kitabu chake cha misa. Evode hajui kama nimeisoma. Kusoma na Kifaransa nilijifunza peke yangu, ku makaratasi ya sabuni na ku kalendari ya mapadri, kwa hiyo watu wanasahau kama najua.

Mama mukwe hajui kitu. Kila siku ya posho, posta ikifika, anauliza: "Hakuna barua?" Na sisi wawili tunajibu: "Hakuna." Pamoja, sauti moja, kama mu misa.

Siku ya tano, 8 oktobre

Tapi zimeonekana! Mugiriki mwenye duka ku Walikale anarudi kwao, anauza mpaka vitanda. Dereva wa kamio amesema ziko tatu za koridori, alizoletewa toka kwao zamani. Evode alisikia neno "Walikale", akanywa maji. Akasema hakuna mahali pengine? Hakuna. Basi tutaenda siku ya posho ijayo.

Mama mukwe ana masikio. Jioni alikuja na kikapu cha unga wa mutama, kimefunikwa na jani la mugomba, kimefungwa vizuri. Akakiweka mbele ya Evode. "Ya Théogène," akasema. "Mwambieni nimesaga mwenyewe."

Evode akasema asante. Nini kingine angesema?

Siku ya Mungu, 17 oktobre. Kashebere

Tumelala hapa, kamio inangoja mafuta. Naandika juu ya gunia. Evode amelala, ao anajifanya.

Jana tulifika Walikale saa tano. Muti na mvua, mvua na muti. Njiani dereva alionyesha kwa mukono, upande wa kushoto: "Mugodi wa zamani ulikuwa pale." Evode alikuwa anasoma. Kitabu kilikuwa juu chini.

Mugiriki alikaa ku sanduku mu duka tupu, anakunywa kahawa mu kikombe cha mutoto. Mfupi, macho mekundu. Alituamkia, akarudi ku kahawa yake. Kazi yote ilifanywa na mama anayempikia, Verdiane, wa hapo hapo Walikale. Miaka kumi na ine amezitoa hizi tapi nje na kuzipiga fimbo. Hakuna kitu hajui.

Alizikunjua tatu zote ku baraza.

Ya kwanza nyekundu, maua makubwa, inang'aa. Evode akaipenda palepale. Akatembea juu yake na viatu, akageuka, akatembea tena. "Hii itaonekana toka barabarani," akasema. Verdiane akanivuta pembeni. "Dada, uso ni wa wageni. Tazama mugongo." Akaigeuza. Nyuma hakuna ua hata moja, ni nyuzi tu zinazokimbia sawasawa. "Hii ni ya mashini." Akakata uzi mumoja wa pindo, akauchoma. Ulinuka karatasi. "Na si sufu. Sufu inanuka nywele."

Ya pili ilikuwa ya mukono kweli, ya kahawia na nyekundu, na mugongo wake ulikuwa mzuri. Verdiane akalowesha kitambaa changu, akaisugua. Kitambaa kikatoka rangi ya damu. "Siku Komisyo yenu itaingia na viatu vya mvua," akasema, "koridori yote itakuwa machinjio."

Ya tatu bluu, bluu ya usiku. Ndege wadogo ku mapindo. Mugongo wake — nilihesabu mafundo mu upana wa kidole kimoja, nikafika kumi na sita, macho yakakataa. Verdiane anasema kila fundo linafungwa na vidole vya muntu, moja moja, na ya urefu ule inaweza kukalisha mwanamuke chini mwaka muzima. Nikamfikiria huyo mwanamuke wa Perse. Mwaka muzima anafunga, anakata, anafunga, ili Evode asisikie nyayo.

Lakini katikati ilikuwa imelika. Njia, kabisa. Toka mwanzo mpaka mwisho, upana wa miguu miwili. Verdiane akashusha sauti: "Bwana anatembea humo akikosa usingizi. Tangu bibi yake wa ndoa alipokufa. Sisi ku jiko tulikuwa hatusikii kitu, tunaona tu taa inaenda, taa inarudi."

Mbele sijajibu, akaangalia Evode, aliyekuwa ameinama kushika pindo la nyekundu. Akamuangalia sana. "Papa iko na mudogo?" akauliza kwa nguvu. "Kulikuwa kijana mumoja wa mugodi, pua ile ile. Alikuwa anakuja hapa kununua chumvi. Muntu wa kucheka mbele hajamaliza kusema! Siku moja alianza kunisimulia habari ya mbuzi wa padri, wakamuita, akasema atamaliza siku ya posho ijayo."

Evode alibaki ameinama. Muda murefu, kwa muntu anayeangalia pindo.

Halafu akaniambia, kwa jina la mutoto wetu, bila kuinuka: "Mama Vestine, chagua wewe. Nyekundu, bluu, ni moja."

Muntu aliyenihubiria rangi tangu tulipotoka nyumbani!

Nikachagua ya bluu. Nilimuambia Mugiriki ni juu ya mafundo. Si juu ya mafundo. Nilifikiri: ile iliyokwisha kumeza nyayo za muntu mumoja itaweza kumeza na za mwingine. Mugiriki akatingisha kichwa, akapapasa pindo lake mara mbili, kama unavyoaga ng'ombe.

Kikapu cha unga kilibaki mu kamio siku nzima. Wakati wa kuondoka nikakishusha, nikampa Verdiane. "Ya nani?" "Ya yule mwenye pua," nikasema. "Mama yake alimsagia." Alianza kucheka. Akaniangalia, akaacha. Akakipokea kwa mikono miwili.

Tapi itafuata na kamio ijayo. Hii yetu imejaa madebe ya mafuta ya ngazi, mawese.

Siku ya pili, 19 oktobre

Mama mukwe alitungojea ku njia.

"Mumemuona?"

"Hatukumukuta," Evode akasema.

Si uongo. Nimeigeuza kila upande, si uongo.

"Na unga?"

"Tuliuacha," nikasema mimi. Na mimi basi! Tunajenga pamoja, kila muntu analeta tofali lake.

Siku ya tatu, 27 oktobre

Mvua siku nane. Dereva ametuma karatasi: daraja limeenda na maji, kamio imekwama ng'ambo ya Kashebere. Tapi itakuja kwa miguu. Watu wawili wa Walikale, Michel na Isidore. Ukiiviringisha kama kawaida inakuwa fupi na nene kama pipa, haibebeki mu matope. Kwa hiyo Verdiane ameikunja mara tatu kwa urefu, ameibana, ameishona ndani ya mukeka kuikinga na mvua, na wameifunga ku muti wa kubeba mabegani.

Evode amefurahi. Amepiga simenti sabuni mara mbili. Sebarenzi alipita, akaambiwa, akasema: "Sufu? Itanuka kondoo." Aliondoka haraka kuliko alivyokuja.

Siku ya tano, 29 oktobre

Sijui nianzie wapi.

Kilio kilifika mbele yao. Nilikuwa napepeta maharagi ya mbegu. Nikasikia wanawake ku barabara ya chini, kilio cha kweli, cha mikono ku kichwa. Nikasema, nani amekufa tena? Nikafunga kitambaa, nikatoka mbio kwenda kusaidia kulia, maana hapa muntu haulizi kwanza. Nikafika ku njia panda.

Ilikuwa tapi yetu.

Michel mbele, Isidore nyuma, muti mabegani. Katikati mukeka murefu, umefungwa kamba tatu. Ulikuwa na kichwa! Ulikuwa na kiuno, na miguu. Maji yalikuwa yanadondoka chini yake. Nyuma yao watu kama makumi ine. Wanaume wameshika kofia mikononi. Waliokuwa wanapanda kilima walitoka ku njia, wakashusha mizigo, wakasimama mu majani, kama inavyotakiwa marehemu akipita.

Nikamshika Michel mukono. Nini hii? Akaongea chinichini, bila kupunguza mwendo.

"Mama, kijiji cha kwanza tulisema kweli. Tukasema ni tapi. Wakauliza, tapi ni nini? Tukasema ni nguo ya kukanyaga. Wakasema: batu wawili, siku tatu mu matope, kwa ajili ya nguo ya kukanyaga? Muzee mumoja akakasirika: musimutukane marehemu!"

"Na cha pili?"

"Cha pili waliuliza tu inatoka wapi. Walikale. Inaenda kwa nani? Kwa Evode wa Mukankusi. Basi, wakaanza kulia. Cha tatu wakatupa pombe ya mutama."

"Na cha ine?"

"Cha ine, Mama, hata sisi tulikuwa tunalia."

Evode wa Mukankusi. Toka Walikale. Kilima kizima kinajua nani alienda Walikale na hakurudi. Walilia jina lake toka kule chini mpaka kwetu. Théogène we! Théogène wa mama! Miaka saba sijasikia jina hilo likisemwa kwa nguvu.

Mama mukwe alikuwa anapalilia nyuma ya nyumba yake. Akatokea na jembe. Akaona mukeka. Akaweka jembe chini, polepole, kama kitu cha kuvunjika. Hakulia. Akasema: "Mumulete kwangu. Ile nyumba ya matofali yeye hakuijua."

Wakamuingiza. Tazama, naandika "wakamuingiza". Wakaiingiza.

Mbonigaba, jirani wa shamba la chini — yeye njo anapanga vilio vyote vya hapa — akasimama ku uwanja: "Majembe chini mpaka tumuzike." Na majembe yote yakashuka. Mu wakati wa kupanda!

Evode alirudi toka kazini, ku biro, saa sita na kalamu ku sikio. Alikuta kilio cha mudogo wake kimejaa ku uwanja wake, na watu wanamushika bega, mumoja mumoja.

Siku ya posho, 30 oktobre

Amejaribu. Alisimama mbele ya watu, akasema: "Ndugu zangu, ni tapi. Niliinunua." Mbonigaba akamuambia kwa huruma: "Uchungu, mutoto wangu. Uchungu unasemesha."

Kisha akaingia kwa mama yake na kisu. Nilikuwa ku mulango.

"Mama, ni tapi! Ni kitu ya Komisyo! Nitakata hizi kamba, utaona."

"Kata," akasema mama mukwe. Alikuwa ameketi ku ile sehemu ya kichwa. "Ukikata nione si yeye, utaniambia hapo hapo yeye iko wapi."

Mvua ku majani. Evode alishika kamba ya katikati. Akashika kisu. Nilihesabu kumi na mbili. Halafu akaweka kisu juu ya mukeka, akatoka, akapita mbele yangu kama mbele ya muti. Nikamsikia mu koridori. Ko, ko. Katikati akasimama.

Sebarenzi alikuja na tai nyeusi. Alilia vizuri. Aliniuliza pembeni kama bado kuna mpango wa linoléum.

Siku ya kwanza, 1 novembre

Watakatifu Wote. Padri alisoma jina la Théogène mu misa. Evode alikuwa na kitabu mikononi, hakukifungua. Mimi nilikuwa najua ukurasa.

Siku ya pili, 2 novembre

Siku ya wafu. Watu wanaanza kunung'unika. Mbegu zinaota mu vikapu, mvua inapita bure. Mbonigaba ameuliza mara tatu: anazikwa lini? Mama mukwe anajibu: "Bado."

Leo aliniita. Ndani ilikuwa giza na moshi. "Keti." Nikaketi. Mukeka ulikuwa kati yetu. Akashika mukono wangu — vidole vyake ni vikavu kama kuni — akausukuma ku kichwa cha mukeka. Kulikuwa tundu. Alikuwa ameshonoa kwa kucha. Mukono wangu ukaingia.

Sufu. Baridi, yenye maji. Mafundo madogo madogo.

"Nilichunga kondoo za baba yangu mbele mama yako hajazaliwa," akasema. "Unafikiri sijui kondoo?"

"Tangu lini, mama?"

"Tangu ile jioni ya kwanza. Nilitaka kumunawisha uso."

Nilitaka kutoa mukono. Hakuuachia.

"Miaka saba," akasema, "hakuna aliyemulilia. Jirani anamulilia mbuzi wake, lakini mutoto wangu, hapana: iko safarini. Sasa batu wamemulilia. Barabara nzima. Niwaambie ni nguo ya kukanyaga, wakusanye machozi yao, warudi kulima? Na mimi nibaki tena na ile 'hakuna barua' yenu?"

Nikaangalia mulango.

"Evode anajua. Muntu asiyejua angekata kamba." Akaniangalia. Mu giza niliona meupe ya macho tu. "Na wewe?"

"Mimi ni bibi yake tu, mama."

"Bibi anayesoma sabuni."

Mungu wangu. Mimi najiona mujanja, naandika watu mu daftari, na mu nyumba ya majani nyuma ya jiko kuna muntu alikuwa ananisoma mimi.

"Usiniambie," akasema. "Kwako sitaki. Nataka kwa kinywa chake, hapa, aseme: mama, mudogo wangu alikufa hivi, alilala pahali fulani. Akisema, atachukua tapi yake atandike anapotaka. Mpaka pale, huyu hazikwi, na hapa hakuna jembe."

Akauachia mukono wangu. Mpaka sasa unanuka kondoo. Nimeunawa mara tatu.

Evode sikumuambia. Nimejaribu mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa anahesabu uma. Mara ya pili mimi njo nilianza kuzihesabu.

Siku ya ine, 4 novembre

Mbonigaba na wenzake wamechoka kungoja. Wamechimba kaburi nyuma ya mihogo, pazuri, mahali maji hayafiki. Evode aliliona toka dirishani mwa chumba. Ni la urefu wa Théogène. Mbonigaba alikumbuka.

Usiku wote mvua. Leo asubuhi nilipita koridori peke yangu, miguu mitupu, juu ya kujaribu. Miguu mitupu haina écho, kila muntu anajua.

Sitaandika nilichosikia. Nilitembea haraka.

Siku ya posho, 6 novembre

Naandika mu jiko, daftari ku magoti. Maji iko ku moto. Haraka.

Walifika saa ine kamili. Wazungu watatu na karani wao. Ku uwanja kulikuwa watu makumi tano wameketi mu manyunyu. Gari ilibidi isimame ku barabara. Evode alikuwa na ile suti nyeusi ya Komisyo. Ilifaa pande zote mbili.

Waliingia. Wakatembea mu koridori, miguu nane ya viatu, na zile nyayo nyingine nyuma yao. Yule mufupi alitazama chini, akatazama nyuma, akakaza mwendo. Waliangalia mashuka. Waliangalia choo, wakainua kifuniko, wakarudisha. Niliwaonyesha uma tano.

Mukubwa wao, mwenye miwani, akafika ku mulango wa nyuma. Akaona nyumba ya majani, mama mukwe ameketi ku mulango, na nyuma yake, ndani, ule mukeka murefu. Akauliza kwa Kifaransa nani amekufa.

Niliangalia kinywa cha Evode. Nilijua neno atakalosema: hakuna. Personne. Ni neno fupi, na tumelizoea.

Alitoka nje. Wakamfuata. Akaenda kusimama mbele ya mama yake, lakini uso kwa wazungu. "Mon frère," akasema. Ndugu yangu.

Halafu yote. Yote! Liste. Majina kumi na tisa, na la makumi mawili kwa mukono wake mwenyewe. Udongo. Watu sita. Jina la ine. Kirotshe, dokta, miaka mitano. Sauti yake haikuvunjika, ilikuwa inasoma. Hakukosa hata kitenzi kimoja. Machozi yalikuwa yanafika ku kola, na Kifaransa kiko sawa tu, kimechanwa nywele. Muntu aliyeshindwa kukata kamba! Nilielewa: mu luga ile hakuna mama yake. Njo mahali pekee alipoweza kusema.

Wazungu waliinamisha vichwa. Mwenye miwani aliandika kitu mu daftari yake. Nafikiri ni alama nzuri.

Watu ku uwanja hawakuelewa hata neno moja. Mbonigaba akanong'ona: "Anawaomba nini hao?"

Lakini jina linabaki jina mu kila luga. Mama mukwe alilisikia. Théogène. Tena Théogène. Mara ya tatu akainuka. Hakwenda kwa Evode. Alikuja kwangu, akashika pindo la kitambaa changu.

"Libérata. Anasema nini?"

Nikamuangalia Evode. Alikuwa amemaliza. Alikuwa anapangusa uso na leso, na mabega yake yalikuwa yameshuka, kama ya muntu aliyetua muzigo. Akanitazama. Akageuza macho ku wageni. Akasema, neno la kwanza kwa Kiswahili tangu asubuhi: "Mama Vestine, wanaweza kunywa chai."

Njo niko hapa.

Mama mukwe amenifuata. Ameketi ku kizingiti cha jiko. Hapigi kelele. Anauliza tu, na ananipa nafasi, na anauliza tena. Anasema nini, Libérata? Alisema kwa kinywa chake, mimi nilimuona. Alisema nini?

Sasa ameona daftari. Ameionyesha kwa kidole. "Ni ile unaandika?" anasema. "Basi nisomee."

Evode ananiita toka koridori. Vikombe, anasema. Mama mukwe hajaondoka ku kizingiti, na mulango ni huo mumoja.

Maji ilichemka zamani. Nimeongeza kuni.